Rafu Isiyotaka Spana

Siri ya rafu za supamaketi iko nyuma ya bidhaa, mahali ambapo mteja hana sababu ya kuchungulia. Sogeza pakiti mbili tatu za unga utaona nguzo ya chuma iliyotobolewa matundu membamba kutoka chini hadi juu, na breketi yenye kulabu zilizopinda kama mdomo wa kasuku. Breketi huinuliwa kidogo, kulabu zikaingia tunduni, ikashushwa, ikatulia. Hakuna nati wala skrubu. Kijana wa zamu ya usiku anayejua kuhesabu matundu anaweza kuipandisha rafu ya mafuta ya kupikia kwa sentimita 10 ili madumu ya lita 5 yapite chini yake, na asubuhi wateja wakaingia wasijue kama kuna kilichohamishwa.

Wauzaji wa rafu hizi, ambazo zikisimama katikati ya ukumbi huitwa gondola, hupenda kutaja kasi: duka zima husimamishwa kwa siku chache. Ni kweli, ila duka hufungwa rafu mara moja tu, kisha hupangwa upya miaka yote ya uhai wake. Sikukuu inaingia, biskuti zinasogea mbele. Shule zinafunguliwa, madaftari yanadai nafasi. Kampuni ya sabuni inabadili chupa, na rafu iliyotosha jana inakuwa fupi kwa vidole viwili. Kwa rafu za mbao zilizopigiliwa ukutani, kila badiliko ni kumwita fundi, kuziba sehemu ya duka na kulipa, kwa hiyo mwenye duka huacha mambo yalivyo. Kulabu imeuhamisha uamuzi huo kutoka kwa seremala kwenda kwa anayeuza. Imehamisha pia jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: utegemezi. Anayeachana na seremala humkuta mtengenezaji wa kulabu akimsubiri.

Kabla ya kufika huko, inafaa kuelewa kwa nini kipande cha chuma kisichokazwa na chochote kinabeba mzigo mkubwa hivyo. Chukua rafu ya urefu wa mita 1 na kina cha sentimita 40, uijaze chupa za maji za lita 1.5. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 9 hukaa 11 kwa mstari na 4 kwa kina: jumla 44, kilo 66. Kila breketi inabeba kilo 33. Lakini kitovu cha uzito huo kiko sentimita 20 mbele ya nguzo, na kama kulabu ya juu na kisigino cha breketi vimeachana sentimita 5, kulabu ya juu inavutwa kwa nguvu ya kilo 132, mara 4 ya mzigo wenyewe. Kisigino nacho kinaigandamiza nguzo kwa nguvu ileile. Skrubu inayotikiswa kila siku hulegea. Kulabu inayolemewa huzidi kung'ang'ania.

Udhaifu wake uko upande mmoja tu, nao ni juu. Toroli ikiigonga rafu kutoka chini, au mfagiaji akiinua ufagio kwa haraka, breketi inaweza kuchomoka kwa njia ileile iliyoingilia. Ndiyo maana mifumo mingi huja na pini ndogo ya usalama, ingawa pini hiyo huwa ya kwanza kupotea. Gondola yenyewe hailali kwa sababu mguu wake wa chini hauwi mfupi kuliko rafu iliyo juu yake, na haiyumbi kushoto na kulia kwa sababu ya mabamba ya mgongoni. Wenye maduka wanaotoa mabamba hayo ili duka lionekane na hewa hawajui kwamba wametoa mfupa.

Historia ya rafu hizi haianzi na chuma. Inaanza na mteja kuruhusiwa kugusa. Tarehe 6 Septemba 1916, mjini Memphis katika jimbo la Tennessee, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Hadi wakati huo, kwa kawaida, mteja wa Marekani alisimama kaunta, akataja anachotaka, karani akamletea. Saunders aliiondoa kaunta, akamwingiza mteja kwa lango la kuzunguka, akampitisha njia moja iliyopinda kati ya rafu zilizo wazi hadi kwa keshia. Mwaka 1917 alipewa hataza ya duka la kujihudumia. Ukiitazama michoro yake unaona kwamba alichokilinda ni mpangilio: rafu ndizo ukuta, njia na mwuzaji kwa wakati mmoja.

Saunders alipoteza kampuni yake mwaka 1923 baada ya vita vya hisa huko Wall Street. Mwaka 1937 akarudi na wazo lililokwenda kinyume kabisa, duka la Keedoozle, ambako bidhaa zilifungiwa nyuma ya kioo na mteja akachagua kwa ufunguo, mashine zikamletea. Lilishindwa. Inachekesha kidogo kuona minyororo ya maduka ya Marekani leo ikifungia tena sabuni na nyembe nyuma ya vioo kwa kuogopa wizi.

Rafu za mwanzo za kujihudumia zilikuwa samani za kawaida. Kilichozibadilisha ni wingi wa bidhaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na viwanda vilivyoweza kutoboa na kukunja bati kwa kasi. Mwaka 1947 Demetrius Comino, mzaliwa wa Australia mwenye asili ya Ugiriki aliyeishi London, alianza kuuza vyuma vya pembe vilivyojaa matundu kwa jina la Dexion. Ulivikata na kuviunganisha kwa umbo lolote, ila kwa bolti na spana. Miaka miwili baadaye, nchini Sweden, Nils Strinning alishinda shindano la kampuni ya vitabu ya Bonnier kwa rafu ya String: ngazi mbili za waya ukutani, mbao zikining'inizwa kati yake. Mwaka 1960 Dieter Rams, yule wa redio za Braun, alibuni rafu ya 606 ambayo kampuni ya Vitsœ inaitengeneza hadi leo. Reli zake hufungwa ukutani kwa skrubu mara moja. Baada ya hapo kila rafu hushikwa na pini ndogo za kuingiza kwa mkono.

Reli ya Rams inafundisha tofauti ambayo matangazo ya biashara huificha. Kuna mfumo usiohitaji zana wakati wa kusimamishwa, na kuna mfumo usiohitaji zana wakati wa kubadilishwa. Mwenye duka anapaswa kuulizia wa pili. Kukodi fundi wa drili kwa siku moja si gharama ya kumnyima mtu usingizi. Kumkodi kila mwezi ndiyo gharama.

Rafu iliyolimaliza fumbo hilo pande zote mbili haikutoka supamaketi bali jikoni. Mwaka 1965 kampuni ya Metropolitan Wire ya Wilkes-Barre, Pennsylvania, ilitoa rafu ya waya iitwayo Super Erecta. Nguzo zake ni bomba lenye mikato ya mduara kila inchi 1. Vipande viwili vya plastiki hubanwa kuzunguka bomba pale unapotaka, vikiwa vyembamba juu na vinene chini. Pembe ya rafu, yenye tundu la umbo hilohilo, huteremshwa juu yake na kukaza. Kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo plastiki inavyolibana bomba. Leo zimeenea katika majiko ya hoteli, stoo za hospitali na maduka ya mikate, na yeyote aliyewahi kuishusha moja anajua kwamba kuichomoa ndiyo kazi: hutaka ngumi ya chini kwenda juu, pembe moja baada ya nyingine.

Plastiki hiyo inaturudisha kwenye utegemezi. Ikivunjika, haibadilishwi na kipande cha mfumo mwingine. Hali ni mbaya zaidi kwa gondola, kwa sababu kwa macho zote zinafanana. Lozier, iliyoanzishwa Omaha, Nebraska, mwaka 1956, hutoboa nguzo zake kila inchi 1. Tegometall, inayotumika sana Ulaya, hutoboa kila milimita 50. Inchi 2 ni milimita 50.8, na tofauti ya 0.8 inaonekana si kitu. Lakini ukimchanganyia mtu nguzo ya kushoto ya mfumo mmoja na ya kulia ya mfumo mwingine, akifika hatua ya 20, takriban mita 1 kutoka chini, upande mmoja umepanda milimita 16 kuliko mwenzake. Chupa zinaanza kuteleza. Upana wa tundu, unene wa kulabu na umbali kati yake navyo hutofautiana, na mtengenezaji hana haraka ya kuvilinganisha na vya mshindani. Anayeuza nguzo leo anajua atauza breketi kwa miaka 15 ijayo.

Linganisha na kitundu kilicho juu ya kadi ya chaja ya simu, kile chenye umbo la kofia. Pakiti ya kebo iliyofungwa Shenzhen, ya betri kutoka Ulaya na ya vitana kutoka kwingine zote huning'inia kwenye ndoano ileile, kwa sababu kitundu hicho hakina mwenyewe. Ndoano nayo huingia kwenye ubao wa matundu au kwenye wavu wa chuma, ambao kokote ulikotengenezwa ni nondo nyembamba zilizochomelewa kuwa miraba. Hapa hakuna mfungwa wa kiwanda chochote. Na hapa ndipo Afrika Mashariki ilipoupokea mfumo usiotaka zana kwa moyo mmoja, bila kungoja supamaketi.

Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Duka la vifaa vya simu lina upana wa mlango mmoja, pengine nusu yake. Kuta zote tatu zimevikwa wavu, na wavu umejaa ndoano: kava, kebo, spika za masikioni, vioo vya kubandika. Mzigo mpya ukifika, muuzaji hahami na haiti mtu. Anachomoa ndoano kumi, anazisukuma upande wa pili, anaendelea kubishana bei na mteja huku mikono ikifanya kazi. Jioni wavu wa nje unang'olewa pamoja na bidhaa zake na kuegeshwa ndani. Kwenye vibanda vya eksibishoni vya Nairobi, ambako duka moja hukatwa vipande vya wapangaji kadhaa, wavu ndio mpaka, ukuta na dirisha la maonyesho.

Duka la Mangi, kama Watanzania wanavyomwita mwenye duka dogo la mtaani, lina mfumo wake mwingine, ambao hakuna anayeuhesabu kuwa rafu: ule mkanda wa pakiti ndogo za sabuni ya unga, kahawa au kiungo cha mchuzi unaoshuka kutoka darini. Msumari mmoja, mkanda mmoja, pakiti zinakatwa moja moja kwa mstari wa vitobo hadi ziishe. Kiwanda kimeifanya bidhaa iwe rafu yake yenyewe. Nyuma ya hapo kuna mbao za seremala na mbele kuna nondo za dirisha, kwa sababu biashara hiyo bado ni ya kaunta: mteja hutaja, Mangi hutoa. Kumshauri Mangi anunue gondola ni kumshauri abadili aina ya biashara, aongeze chumba, aajiri mtu wa kulinda na aanze kuhesabu wizi. Gondola hudai nafasi ya mteja kutembea, na nafasi hiyo ina kodi.

Kodi ndiyo mlango wa kuelewa kwa nini wapangaji wakubwa hawataki rafu iliyojengewa ukutani. Biashara ya supamaketi katika eneo hili imekuwa ya kuhama. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Mwaka 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Carrefour, iliyoingia Kenya mwaka 2016 kupitia kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ikachukua nafasi za Nakumatt katika Thika Road Mall na Junction jijini Nairobi. Naivas ikayachukua matawi 6 ya mwisho ya Nakumatt. Ukumbi mmoja unaweza kuona majina matatu kabla rangi ya dari haijabanduka.

Katika mazingira hayo, swali la nani ana haki ya rafu si la kitabuni. Kenya na Tanzania zilirithi sheria ya Kiingereza inayosema kwamba kilichoshikamanishwa na jengo huelekea kuwa sehemu ya jengo. Katika kesi ya Holland dhidi ya Hodgson ya mwaka 1872, mitambo ya kufumia iliyopigiliwa misumari sakafuni ilihesabiwa kuwa mali ya ardhi. Mpangaji mfanyabiashara alikwishapata nafuu tangu kesi ya Poole ya mwaka 1703, iliyohusu vifaa vya mtengeneza sabuni: alivyovifunga kwa ajili ya biashara anaweza kuvitoa kabla muda wake haujaisha. Hata hivyo kuvitoa ni kubomoa, na kubomoa ni ugomvi na mwenye nyumba. Gondola iliyosimama kwa uzito wake haina ugomvi huo. Mtu aliyelipa pesa ya kuingilia dukani, yaani kilemba Kariakoo au goodwill Nairobi, akanyang'anywa fremu ya duka, angalau anaondoka na rafu zake kwenye kirikuu.

Lakini wepesi huo una upande wa pili, na ni ajabu jinsi usivyotajwa. Kwa sheria ya kukamatia kodi, ambayo Kenya inayo hadi leo, mwenye nyumba anaweza kumtuma dalali achukue mali ya mpangaji aliyelimbikiza deni. Kwa kawaida ya sheria hiyo ya zamani, kilicho sehemu ya jengo hakikamatwi, kinachobebeka hukamatwa. Rafu inayong'oka bila spana humng'okea dalali kwa wepesi uleule.

Minada ya mali zilizokamatwa hivyo, pamoja na maduka yanayobadili sura, ndiyo huzaa rafu za mitumba. Mfanyabiashara anayefungua minimaketi Mbagala au Kitengela hukuta safu za nguzo zimeegemezwa ukutani, nyeupe na kijivu, bei ikiwa sehemu tu ya bei ya mpya. Ni ununuzi mzuri na ni mtego. Nguzo hudumu, breketi hupotea. Muuzaji anayekupa nguzo 20 na rafu 60 huku breketi zikiwa 90 amekuuzia rafu 45, maana kila moja hutaka mbili, na zilizobaki ni bati.

Mpya nazo zina maswali yake. Rafu ya bei rahisi ni bati lisilofikia unene wa milimita 1, likikunjwa kingo ili lipate ugumu, na rafu mbili zenye sura moja zinaweza kupishana mno kwa uwezo kwa sababu moja ina ubavu wa kuimarisha chini yake na nyingine haina. Rangi ya unga iliyookwa hupendeza dukani, ila katika miji ya mwambao kama Mombasa, Tanga na Unguja chumvi ya hewani haichelewi. Kutu huanza pale pale kulabu inaposugua ukingo wa tundu, yaani pale panapobeba mzigo, na kwa kuwa pako nyuma ya bidhaa hapaonekani hadi breketi ianze kuinama. Aliye karibu na bahari afanye kazi ya kuangalia nyuma ya unga na sukari kila anapopanga upya.

Kuna mizigo ambayo kulabu haifai kabisa. Ndoo za rangi za lita 20, misumari kwa kilo 50, betri za gari: kwa duka la vifaa vya ujenzi, fundi wa kuchomelea mwenye bomba za mraba bado hana mpinzani. Na rafu za stoo zinazorefushwa kuelekea dari ndani ya ukumbi wa wateja ni jambo jingine tena. Tarehe 2 Oktoba 2020, katika mji wa São Luís nchini Brazil, safu za rafu ndefu za duka kubwa ziliangukiana moja baada ya nyingine; mfanyakazi mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa. Rafu ya kuunganisha vipande, kwa tabia yake, humshawishi mtu aongeze ghorofa moja zaidi, kwa kuwa kuongeza hakumgharimu chochote ila breketi mbili. Hakuna fundi wa kumwambia basi.

Mafundi wetu hawajakaa pembeni wakitazama. Wengi huchomelea fremu imara ya bomba, kisha huifungia reli za matundu zinazouzwa madukani pamoja na breketi zake, ili mteja apandishe na kushusha rafu mwenyewe. Matokeo hayana umaridadi wa kiwandani, ila yanachukua kipimo cha chumba kilivyo, na vyumba vyetu vya biashara ni nadra kuwa na pembe mraba. Gondola ya mita 1 ndani ya chumba cha mita 2.7 huacha sentimita 70 za kupotea. Fundi hazipotezi.

Kinachobaki ni kipimo cha reli. Mwenye duka anayeagiza kazi ya namna hiyo, au anayenunua mitumba, afike na breketi moja mkononi, aijaribu tundu la chini, la katikati na la juu la kila nguzo, kisha alaze nguzo mbili sakafuni ubavu kwa ubavu, tundu la kwanza kwa la kwanza, na kutazama kama la 20 na la 20 bado yanatazamana.